Baridi Iliyofungwa kwa Blada

Kabla sijaeleza jinsi nilivyosababisha mtu akatwe mkono, ni haki niseme mkono wenyewe ulikuwa wa namna gani.

Ulikuwa wa kulia. Kidole gumba chake kilikuwa kipana, na ukucha wake ulikuwa mweusi kwa mpira wa miaka mingi. Mwenye mkono huo alikuwa mzee aliyekaa chini ya paa la mabati mjini Garissa, kando ya barabara iendayo Habaswein na Wajir. Alikata matairi makuukuu akatoa viatu vya akala, akakata tyubu za malori akatoa ndoo za visimani. Hakupima kitu. Alilowesha mpira kwa maji kidogo ili kisu kiteleze, akavuta mara moja, basi. Ndoo zake zilishonwa kwa nyuzi za mpira ule ule, na mdomoni alizivisha duara la fito ili zisijikunje zikiteremka. Ndoo ya plastiki ikigonga ukuta wa kisima kwa wiki moja inapata ufa. Zake ziligonga miaka. Wachungaji walishuka kutoka Habaswein na malori ya mbuzi, wakaja kumsalimu, wakarudi na ndoo mbilimbili. Mzee hakuwa na shamba, na ngamia wake walikwisha wote katika ukame mmoja. Alikuwa na mkono.

Nilimwita abti, yaani mjomba, kama wengi walivyomwita. Yeye aliniita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha darasa hata moja. Kwake kila mwenye suruali iliyopigwa pasi alikuwa mwalimu mpaka athibitishe vinginevyo. Mimi nilikuja kuthibitisha.

Mimi ni mtoto wa karani wa serikali kutoka pwani. Baba alihamishiwa Garissa kama adhabu ya kosa ambalo hakupata kutuambia, akaipenda adhabu yake, akakataa kurudi. Nilikulia hapo. Nikaenda chuo kikuu kusomea kemia, nikafaulu kwa kupenya, kama mbuzi anavyopenya ua wa miiba, huku sehemu yangu ikibaki kwenye miiba. Baadaye nikagundua kwamba watu hulipwa, ingawa si sana, kwa kuandika makala magazetini kuhusu mambo wasiyoyaweza. Nikawa mwandishi. Nimeandika kuhusu kilimo bila kupanda mchicha, na kuhusu ndoa nikiwa nalala sebuleni.

Ndiyo maana kikundi cha kina mama waliokuwa wakiokota taka mjini kilinifuata. Hawakutaka kemia yangu, walitaka kalamu. Kulikuwa na shirika fulani lililotafuta watu wa kufadhili katika mambo ya taka, na taka tuliyokuwa nayo kuliko watu wengine ni matairi. Barabara yetu ni ndefu na jua letu halina huruma, na lori linaloondoka Mandera na matairi kumi mazima huingia Garissa na saba na dua. Matairi yaliyokufa yalirundikwa nje ya mji. Mvua ikija, ambayo haiji, yalizaa mbu. Mvua isipokuja watu waliyachoma, na moshi wake ukakaa juu ya soko la mifugo, mweusi na mzito, mpaka mbuzi wakakohoa kama wavuta sigara.

Niliandika maombi mazuri mno. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, maana yalikubaliwa.

Wazo halikuwa langu, lilikuwa la vitabu. Mpira ukisagwa ukawa unga hununuliwa na watu wa lami na wa mazulia ya viwanja. Lakini mpira hausagiki. Ukiutia kwenye mashine unapata moto, unalainika, unanata na kuikaba mashine koo. Inabidi kwanza uupoze, tena si kwa barafu. Unautumbukiza ndani ya naitrojeni, hewa hii hii tunayovuta, iliyopozwa kiwandani mpaka ikawa maji. Mpira ukitoka humo ni mgumu na mkavu, na ukiugonga unavunjika kama sahani. "Tutaupoza mpira mpaka usahau kwamba ni mpira," niliandika katika ukurasa wa pili, na sentensi hiyo niliisoma kwa sauti peke yangu mara kadhaa.

Basi nikaleta baridi Garissa, mji ambao saa nane mchana maji ya bombani yanatosha kukoroga chai. Tulipata banda la mabati, mashine ya kusaga, sanduku kubwa lenye kuta nene za kutumbukizia vipande, na kila wiki mtungi wa naitrojeni kutoka Nairobi. Mtungi ule ulikuwa mnene kama ndama, na kifuniko chake kilikaa mdomoni kwa kulegea makusudi, bila kukaza.

Siku ya kuonyesha, watu walijaa mlangoni. Mwenyekiti wa kina mama, muuza maziwa ya ngamia mwenye ulimi ambao ungeweza kukata tairi bila kisu, alisimama mbele na mikono kiunoni. Niliomba kipande cha mpira. Abti akatoa mfukoni ukanda wa tyubu, laini, wa kufungia mizigo. Sisi huuita blada. Niliuchovya, moshi mweupe ukamwagika sakafuni, nikautoa kwa koleo, nikaupiga nyundo. Ukasambaratika.

Niliwatazama watu nikingoja mshangao wao. Abti aliinama akaokota vipande, akaviweka kiganjani, akavisukuma kwa kile kidole gumba.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimekaa na hii kitu miaka arobaini. Sijaona ikivunjika."

"Ndiyo sayansi, abti."

"Na ikishakuwa unga, inarudi kuwa tyubu?"

"Hairudi."

"Haye," akasema, na kwa Kisomali neno hilo ni kukubali tu kwamba umesikia. Akavimimina vile vipande mfukoni, sijui kwa nini.

Mwenyekiti alicheka. "Mwalimu, umetuletea maji haiwezi kunywewa, haiwezi kufua nguo, na bado inakimbia juu kama moshi. Hata bwana yangu ana faida zaidi, na yeye ni mtu wa kulala."

Abti tulimwajiri kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kulikata tairi likapasuka vipande sawasawa. Alikubali kwa sharti moja: yeye ndiye achague kwanza tyubu zinazofaa ndoo, na zinazobaki ziende kwenye baridi. Asubuhi alitukatia matairi, jioni alishona ndoo zake. Ukimwangalia ungedhani anatukatia kwa huruma tu.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu maji, maana bila hilo utamwona mzee mjinga, na mjinga katika habari hii ni mmoja tu, naye ndiye anayeandika.

Kwetu chombo cha maji hakifunikwi tu, kinafungwa. Jerikeni linatiwa kifuniko, juu ya kifuniko kipande cha nailoni, na juu ya nailoni blada inazungushwa na kuvutwa kwa meno mpaka iimbe ukiikwaruza. Punda anaweza kuanguka, mkokoteni ukapinduka, tone lisitoke. Mtu anayeacha mdomo wa chombo ukipumua njiani hatukanwi. Anatazamwa tu, na kutazamwa huko kunatosha. Mafundi wa kufunga wapo, na abti alikuwa mkubwa wao. Watu walimletea vyombo vyao kabla ya safari kama wengine wanavyopeleka watoto kuombewa dua.

Na mimi nilimwambia nini mtu huyo? Siku ya mafunzo nilisimama mbele ya mtungi, nikatafuta mfano utakaowagusa, maana mwandishi ni mtu asiyeweza kuliacha jambo lilivyo bila kulifananisha na jambo jingine. Nikasema, "Hii ichungeni kama maji ya safarini. Tone likipotea, limepotea." Wakatikisa vichwa. Nikajipongeza moyoni.

Kweli nilibandika onyo pia. Niliandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa sekondari angekibusu: "TAHADHARI. Naitrojeni isizibwe katika chombo chochote kwa namna yoyote ile, kwani mvuke wake ukikosa njia, chombo hicho kitapasuka." Nikaigandisha karatasi kwenye mtungi. Abti alisoma Kurani tangu utotoni bila kusitasita, lakini herufi hizi zetu hakuzijua. Alikuja akasimama mbele ya karatasi.

"Mwalimu, hii inasema nini?"

Nilikuwa na simu mkononi. Nilikuwa najibu barua ya mfadhili aliyeusifu ukurasa wa pili.

"Inasema itunzwe vizuri, abti."

"Haye."

Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka dakika hiyo ikiwa na namna nyingine. Haina.

Kila Ijumaa kazi ilisimama kwa ajili ya sala, na kila Ijumaa naitrojeni iliyobaki ndani ya sanduku ilipaa. Nililalamika. Nililalamika kwa sauti, kila wiki, mbele ya wote, nikitazama ule ukungu mweupe ukipita juu ya ukingo. "Tunaiacha nyingi, tunarudi hakuna kitu," nilikuwa nikisema. Abti alikuwa akiusikiliza ule ukungu kwa makini, kama mtu anayesikia jerikeni likivuja mahali asipopaona.

Ijumaa hiyo nilichelewa kutoka msikitini, maana nilikutana na mtu aliyesoma makala yangu, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Nilipofika bandani abti alikuwa ametangulia. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake, kofia ya sala bado kichwani, amepakata ile thamosi kubwa ya chuma tuliyoitumia kuwekea chai ya wafanyakazi wote. Kifuniko kilikuwa kimekazwa. Juu ya kifuniko palikuwa na kipande cha nailoni. Juu ya nailoni blada ilikuwa imepita mpaka chini ya kitako cha thamosi na kurudi, mizunguko isiyohesabika, kazi safi ajabu.

"Mwalimu," alisema, "leo hakuna kitu imepotea."

Thamosi ilikuwa inalia. Sauti nyembamba, kama ya birika mbali. Yeye naye aliisikia. Aliinamisha sikio, akapata mahali inapotokea, akaweka kidole gumba hapo, na kwa mkono wa kushoto akavuta blada izidi kukaza.

Mtu wa kawaida angepiga kelele. Tupa. Neno moja, silabi mbili. Mimi nilifungua mdomo na kilichotoka ni, "Abti, kwa kawaida, kitu cha aina hii..." Nilikuwa natoa utangulizi.

Sikumaliza. Mlio wenyewe ulikuwa mfupi kuliko nilivyotegemea. Bati la paa lilitoboka, banda likajaa weupe, na weupe ulipotulia abti alikuwa bado amekaa, anautazama mkono wake wa kulia kwa uso wa mtu aliyeonyeshwa bidhaa asiyoitaka. Hakulia. Alisema, "Bismillahi," kama mtu anayeanza kazi. Mwenyekiti aliingia mbio, akavua shuka yake akaufunga ule mkono, na nakumbuka aliokota kipande cha blada kutoka sakafuni akafungia nacho juu ya kiwiko, akavuta kwa meno. Daktari alituambia baadaye kwamba hicho ndicho kilichomwokoa asiishiwe damu. Walichoweza kufanya hospitali ni kuukata sawasawa juu ya kifundo.

Shirika lilituma fomu. Palikuwa na mahali pa kuandika chanzo cha ajali, mistari minne. Nikaandika: "Mhusika hakuzingatia maelekezo ya usalama yaliyobandikwa kwenye mtungi." Ilitosha mstari mmoja na nusu. Hakuna neno la uongo ndani yake. Nimechapisha makala yenye uongo mwingi zaidi ya huo na nikapewa mkono wa pongezi. Ilihitajika alama ya kidole cha mhusika chini yake, na kwa alama hiyo mradi ungeendelea: mashine, kina mama tisa, mtungi wa kila wiki, na mimi.

Nilimkuta nyumbani kwake, ameegemea ukuta, kiwiko juu ya mto. Nikamsalimia, nikauliza hali, akasema alhamdulillah, nikauliza tena, akasema alhamdulillah. Nikatoa kibweta cha wino. Alinyosha mkono wa kushoto, akaishika karatasi, akaitazama muda mrefu kama aliyekuwa akitafuta mlango.

"Mwalimu, hii inasema nini?"

Nilikuwa nimelijua swali hilo tangu nyumbani. Nilikuwa hata na jibu: ningesema inasema kulikuwa na ajali, na ungekuwa ukweli. Lakini alikuwa ameniuliza kwa sauti ile ile, bila hila yoyote, na mimi safari hii sikuwa na simu mkononi. Nikamsomea. Nilisoma neno kwa neno, nikaeleza kila neno kwa Kiswahili cha sokoni.

"Maelekezo ipi?" akauliza.

"Ile karatasi ya kwenye mtungi."

"Ile uliniambia inasema tutunze vizuri."

"Ndiyo, abti."

"Ilikuwa inasema nini?"

"Isifungwe. Chombo chochote. Ikifungwa inapasuka."

Nje kulikuwa na mtu anayemfukuza mbuzi kwa matusi ya upole. Abti alitazama mahali ambapo mkono ungekuwa, kisha akanitazama mimi, na sikuona hasira, ingawa ningependelea kuiona. Alikuwa akinitazama vile watu wetu wanavyomtazama mtu ambaye jerikeni lake linavuja njiani.

"Mimi nilitunza," alisema.

"Ulitunza, abti."

Akanirudishia karatasi bila alama. "Nenda andika ingine. Andika vile ilikuwa. Halafu na hiyo kuja unisomee."

Niliandika nyingine. Ilikuwa ndefu kidogo kuliko mistari minne, na ilikuwa na "mimi" nyingi ndani yake. Nikamsomea, akaweka gumba la kushoto, gumba jembamba lisilojua kazi. Mwezi haukuisha kabla shirika halijaandika kwamba limesikitika sana na kwamba mradi umefungwa kwa sababu za usalama. Wakaja watu wakaichukua mashine. Magunia ya unga mweusi yapo bado bandani, na upepo wa Julai ukivuma kutoka upande huo nguo za watu zinaanikwa nyeupe na kuanuliwa kijivu. Matairi yanachomwa kama zamani.

Mwenyekiti amerudi kwenye maziwa yake. Nilipokwenda kununua aliniwekea kikombe bila kunitazama.

"Ungeacha tu iandikwe ni yeye," alisema. "Mkono yake ilikuwa imeenda tayari. Sisi kazi ilikuwa bado iko."

Nililipa nikanywa nimesimama.

Siku hizi kila Alhamisi naenda kibandani kwa abti. Ni wazo lake. Yeye anakaa mahali pake, anaikanyaga tyubu kwa nyayo mbili na kuishika kwa kushoto, na mimi nakata pale anaponiambia. Mwanzoni nilidhani anataka kunisamehe kwa njia ya kazi, na nilishaanza kuitungia makala kichwani. Alitaka mkono tu. Akaona nimebaki na miwili isiyofanya chochote.

"Lowesha kwanza," ananiambia. "Usikate kama unakata keki. Vuta. Vuta, mwalimu. Wewe unafikiri sana katikati."

Kweli nafikiri katikati, na ndiyo sababu mshono wangu unayumba. Ndoo ya kwanza ilifanana na soksi. Ya tano alisema inafaa kumwagilia mchicha. Lakini kiangazi kimekuwa kirefu mwaka huu, na Alhamisi iliyopita lori la mbuzi lilisimama mbele ya kibanda, akashuka mchungaji wa Habaswein, mteja wa miaka mingi, mrefu, na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuwa amesikia habari. Alinyosha mkono wa kulia kusalimia, ukabaki hewani, kisha taratibu akanyosha wa kushoto. Wakasalimiana kwa Kisomali muda mrefu: watoto, mvua, visima, mvua tena. Akasema anataka ndoo mbili. Kisima chao kimeshuka sana na za plastiki zimekwisha zote.

Tulikuwa na moja. Nilikuwa nimemaliza kuishona asubuhi ile, na kwa mara ya kwanza abti hakusema kitu nilipomwonyesha. Aliniashiria niitundike kwenye boriti ya kibanda na kuijaza maji. Tukasimama watatu tukiitazama. Ilijaa, ikavimba, ikapata umbo la ndoo, nami nikahisi kitu kifuani ambacho sistahili kukitaja.

Kisha pale chini, kwenye kona ya mshono, tone likajikusanya, likaanguka. Likafuata jingine.

Mchungaji alisema, "Mashallah, kazi nzuri," kwa heshima kubwa. Akasema atapita akirudi. Nilimwona akivuka barabara, akaingia dukani, akatoka na ndoo mbili za plastiki za manjano, akazirusha juu ya lori kati ya mbuzi.

Abti hakumfuata kwa macho. Alikuwa anasikiliza lile tone. Alinyosha mguu, akasogeza sufuria polepole kwa vidole vya mguu mpaka ikakaa sawasawa chini ya ndoo, maji yasipotee, kisha akakanyaga tyubu nyingine na kuningoja nichukue kisu.